Kioo cha Mshazari na Taswira Iliyobadili Mkono: Maelezo ya Kifaa cha Darubini na Tatizo la Istilahi Yake

1. Utangulizi

Makala haya yana makusudio mawili. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili kazi ya kioo kidogo kiwekwacho mshazari nyuma ya darubini, hasa pale mtu anapotaka kupiga picha za Mwezi na nyota. La pili ni kuonyesha kwamba ugumu wa kukieleza kioo hicho hautokani na uhaba wa maneno katika lugha yetu, bali watokana na mazoea yetu ya kulitumia neno moja mahali panapostahili maneno mawili.

Jambo hili halikunijia maktabani. Lilinijia Tulia, katika sehemu za magharibi za Kitui, wakati wa likizo ya Desemba. Nilikuwa nimechukua darubini ndogo ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 70, nikawaalika vijana wa jirani waje kuutazama Mwezi. Mmoja wao aliiweka simu yake kwenye lenzi ya jicho akapiga picha nzuri mno. Siku ya pili picha hiyo ilichapwa karatasini, ikapitishwa mkono kwa mkono. Mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari, msichana mwenye maneno machache, aliishika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, huu si Mwezi wetu."

Nilimjibu bila kufikiri: "Ni ule ule. Darubini hupindua vitu. Igeuze karatasi tu." Akaigeuza juu chini. Akaigeuza ubavu, upande huu na upande huu. Mwishowe akaiweka mezani. "Nimeigeuza kote, Mwalimu. Haikubali." Nami, mtu niliyevuka bahari kusomea shahada ya uzamili katika taaluma ya lugha, nikalirudia jibu langu lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Akanyamaza.

Usiku ule nilitoka nje na karatasi mkononi, nikautazama Mwezi kwa macho matupu, nikaona kwamba yule msichana alikuwa amesema kweli. Doa lile jeusi la mviringo lililojitenga na mengine, liitwalo na wataalamu Mare Crisium, lilikuwa upande usio wake, na hapakuwa na namna ya kuizungusha karatasi hata likarudi mahali pake. Kosa langu halikuwa la elimu ya nyota peke yake. Lilikuwa kosa la lugha: nilisema "kupinduka" kwa jambo ambalo si kupinduka. Neno langu lilikuwa karibu kumfundisha mtoto kutoyaamini macho yake. Ndiyo sababu naona suala hili lastahili kurasa chache mbele ya wanaisimu.

2. Kifaa Chenyewe

2.1 Darubini, kama jina lake la asili ya Kiajemi lisemavyo, ni chombo cha kuonea mbali. Zipo aina mbili kubwa. Ya kwanza hukusanya mwanga kwa lenzi iliyo mbele ya bomba. Ya pili huukusanya kwa kioo chenye bonde kilichowekwa mwishoni mwa bomba. Katika aina zote mbili mwanga uliokusanywa hukutana mahali pamoja na kufanya taswira, na mtazamaji huikuza taswira hiyo kwa lenzi ndogo, ambayo hapa nitaiita lenzi ya jicho.

Katika darubini ya lenzi, jicho hukaa nyuma kabisa ya bomba, katika mstari ule ule wa mwanga. Hapana taabu iwapo kinachotazamwa ni mlima au meli. Lakini kitu kikiwa juu angani, bomba huelekea juu na mtazamaji hulazimika kuingiza kichwa chini yake, shingo imekunjwa nyuma. Ili kuiondoa adha hiyo, kisanduku kidogo huchomekwa nyuma ya bomba, na ndani yake huwekwa kioo bapa kilichoinama kwa nyuzi 45. Mwanga ukifika hapo huruka kwa pembemraba, na mtazamaji hutazama kutoka ubavuni au kutoka juu. Kisanduku hicho kwa kawaida hutengenezwa kwa vipimo viwili vya mrija, milimita 31.75 na milimita 50.8.

2.2 Wazo la kuinamisha kioo bapa ndani ya njia ya mwanga si la jana. Mwaka 1668 Isaac Newton alitengeneza darubini yake ya kwanza ya kioo. Kwa kuwa kioo kikuu huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, mtazamaji angeziba njia kwa kichwa chake. Newton aliweka kioo kidogo bapa katikati ya bomba, kimeinama nyuzi 45, kikautoa mwanga ubavuni. Hivyo vioo viwili tunavyovizungumzia, kile cha ndani ya darubini ya Newton na kile cha kisanduku cha nyuma, ni ndugu kwa kazi, ingawa matokeo yao katika picha ni tofauti kabisa, kama tutakavyoona.

2.3 Umbo la kioo hiki nalo lina somo. Mwanga uliokusanywa hupita bombani kama mche wa duara. Ukikata mche wa duara kwa mshazari, mkato haupati umbo la duara bali wa yai. Kila mtu aliyekata ndizi au muhogo kwa kuulaza kisu ameliona jambo hili jikoni. Kwa hiyo, ili kuupokea mwanga wa upana wa milimita 50 kwa mwinamo wa nyuzi 45, kioo chahitaji upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 71 hivi.

3. Jina la Kifaa

Tuanze na jina, maana jina ndilo mlango. Maneno yanayoweza kushindania nafasi hii ni matatu: mshazari, hanamu na ulalo.

Neno ulalo lina mvuto wake kwa walimu wa hesabu, kwani hulitumia kwa mstari uungao pembe mbili za mraba zinazokabiliana. Lakini kioo chetu hakiungi pembe za kitu chochote, kimeinama tu. Zaidi ya hayo, mzizi -lala humpeleka msikilizaji kwenye kitu kilicholala chini, yaani kinyume cha wima. Kuita kioo kilichoinama "kioo cha ulalo" ni kumwambia fundi akilaze.

Hanamu ni neno la kale na la heshima. Seremala husema amekata ubao hanamu, na kila mwenye kazi ya mbao humwelewa. Upungufu wake ni kwamba hutaja zaidi namna ya kukata kuliko namna ya kukaa. Mshazari, kwa upande wake, hutaja mwelekeo: kitu kisicho wima wala mlalo. Kwa kuwa sifa ya kioo hiki ni kukaa kwake katika njia ya mwanga wala si kukatwa kwake, napendekeza tukiite kioo cha mshazari, na kisanduku kizima tukiite kiwiko cha darubini, kwa kuwa hupinda kama kiwiko cha mkono na kama kile kipande cha bomba la maji ambacho mafundi tayari wanakiita kiwiko.

Wapo watakaosema kwamba majina haya ni marefu. Jibu langu ni kwamba jina refu linaloeleweka Tulia ni bora kuliko jina fupi lisiloeleweka popote.

4. Kupinduka na Kubadili Mkono

4.1 Sasa twafika kwenye kiini. Taswira inapopita katika darubini yaweza kupatwa na mambo mawili tofauti, na Kiswahili cha madarasani huyaita yote mawili kwa neno moja.

Jambo la kwanza ni lile la chombo cha baharini. Tusemapo "mashua imepinduka", twasema kwamba mkuku uko juu na sitaha iko chini. Mashua yenyewe haikubadilika. Ubavu wake wa kulia ungali ubavu wake wa kulia, na wavuvi wakiirudisha itakuwa mashua ile ile. Darubini ya lenzi isiyo na kioo hufanya hivyo hivyo. Huizungusha taswira nusu mzunguko, juu ikawa chini na kulia kukawa kushoto kwa pamoja. Dawa yake ni kuigeuza karatasi, au kuinamisha kichwa.

Jambo la pili ni lile la kanga. Itundike kanga kwenye kamba juani, kisha pita upande wa nyuma. Maandishi yanaonekana kwa mwanga wa jua, lakini yamekwenda kinyume, na hata ungesimama kwa kichwa usingeyasoma. Kanga iliyotundikwa miguu juu husomwa kwa kuinamisha shingo. Kanga inayotazamwa kwa nyuma haisomwi kwa kuinamisha shingo. Au tuchukue makubadhi: kubadhi la kulia likizungushwa vyovyote mezani litabaki la kulia. Lakini litazame kwenye kioo, nalo ni la kushoto.

Hapa ndipo yule msichana alipokuwa, nami sikumfuata. Picha yake ilitazamwa kwa nyuma ya kanga.

4.2 Je, tuite nini jambo hili la pili? Wazo la kwanza litakalomjia msomaji ni kutumia kitenzi akisi, na hakika historia yake yaunga mkono wazo hilo, kwani katika Kiarabu mzizi huo hubeba maana ya kugeuza kinyume pamoja na maana ya kurudisha mwanga. Lakini kuna kikwazo. Taswira yaweza kuakisiwa mara mbili, kisha ikatoka ikiwa sahihi. Tukisema "taswira akisi" kwa maana ya taswira iliyokwenda kinyume, itatubidi kusema kwamba taswira iliyoakisiwa mara mbili si taswira akisi, na hapo istilahi itakuwa imeleta fumbo badala ya kulifumbua. Akisi ibaki kuwa jina la tendo la kioo. Matokeo yatafutiwe jina jingine.

Kitenzi pindua nacho kimeshiba. Wanasarufi hukitaja pamoja na funga na fungua, ziba na zibua, ingawa pindua haimaanishi tena kukifungua kilichopindwa. Kimekwisha pata maana yake thabiti ya kuweka juu chini, na siasa imekiongezea mapinduzi. Kukitwika maana ya tatu ni kukionea.

Mimi napendekeza tusome kile ambacho lugha imekwisha sema. Kiswahili hakitaji kulia na kushoto kama pande tupu. Kihistoria hutaja mikono. Twasema mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula, na mkono wa kushoto. Wazee husema mkono wa kuume na mkono wa kike. Basi taswira ambayo kulia kwake kumekuwa kushoto bila juu yake kuwa chini, imebadili mkono. Nasi tunao usemi huo tayari: mtu aliyebeba mtungi wa maji kutoka kisimani, mkono ukimchoka, hubadili mkono.

4.3 Ubora wa usemi huu ni kwamba hauishii katika jina. Hubeba na kanuni. Anayebeba mtungi kwa mkono wa kulia akibadili mara moja, mtungi uko kushoto. Akibadili mara mbili, umerudi kulia. Akibadili mara tatu, uko kushoto tena. Hivyo ndivyo vioo vifanyavyo. Kila kioo ni kubadili mkono mara moja. Na lugha yetu inayo maneno mawili mazuri ya kuitamka kanuni hiyo, witiri na shufwa: vioo vya witiri hubadili mkono wa taswira, vioo vya shufwa huurudisha.

Tuipime kanuni hii:

(a) Darubini ya lenzi bila kiwiko haina kioo. Taswira imepinduka, lakini mkono ni ule ule.

(b) Darubini ya lenzi yenye kiwiko ina kioo kimoja. Taswira husimama wima, jambo linalomfurahisha mtazamaji na kumdanganya, kwa kuwa imebadili mkono.

(c) Darubini ya Newton ina vioo viwili, kikuu na cha mshazari. Taswira huonekana imezungushwa, lakini mkono ni sahihi. Ndiyo maana nilisema kwamba ndugu wawili wa kazi moja wametofautiana kwa matokeo: kioo cha mshazari cha Newton hukikuta kioo kingine kimetangulia.

(d) Darubini za aina ya Cassegrain zina vioo viwili, na mtu akiongeza kiwiko nyuma vinakuwa vitatu. Mkono umebadilika.

(e) Vipo viwiko vya mche wa kioo chenye paa mgongoni, ambamo mwanga huakisiwa mara mbili. Hivyo hutoa taswira wima na ya mkono sahihi, na hufaa kutazamia ndege na milima. Udhaifu wake ni kwamba ule mkunjo wa paa waweza kuchora mstari wa mwanga juu ya nyota yenye kung'aa sana.

5. Kioo cha Mshazari Katika Upigaji wa Picha

5.1 Msomaji aweza kuuliza: ikiwa kioo hiki hubadili mkono, kwa nini kisiondolewe mtu anapopiga picha? Wapiga picha wengi wa nyota hukiondoa, na sababu zao ni za haki.

Kwanza, kila uso wa ziada hupunguza mwanga. Kioo cha kawaida cha alumini hurudisha sehemu 88 hadi 90 katika mia. Vile vilivyopakwa tabaka nyingi maalumu hufikia sehemu 99. Pili, kasoro za uso wa kioo hukuzwa. Kwa mwinamo wa nyuzi 45, bonde lililo kwenye uso huharibu wimbi la mwanga kwa kiasi cha mara 1.4 ya kina chake. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, kioo kikitikisika kwa pembe fulani, mwanga hutikisika kwa pembe mara mbili ya hiyo. Tuseme kioo kimelegea na kuinama kwa dakika moja tu, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Mwanga utainama dakika mbili, na kwenye kamera iliyo milimita 60 mbele yake nyota itahama kwa milimita 0.035. Katika kamera ambayo pikseli zake zina upana wa milimita 0.004, nyota hiyo itakuwa imevuka pikseli nane au tisa. Badala ya nukta itachorwa mstari.

Nne, kiwiko hula njia ya mwanga. Hata kile kidogo huchukua milimita 70 hivi, na kamera yenye pete ya kawaida ya kuunganishia huhitaji milimita 55 zaidi kabla mwanga haujaifikia filamu au kihisi chake. Katika darubini nyingi mrija hauwezi kurudi ndani kiasi hicho, na taswira haiwi wazi kamwe. Kinyume chake, mtu akikiondoa kiwiko katika darubini ya lenzi iliyoundwa kwa ajili yake, huenda mrija usitoke vya kutosha, ikabidi uongezewe kipande.

5.2 Pamoja na hayo yote, mahali petu pana sababu ya kukitetea kioo hiki. Tulia iko nyuzi moja na kitu kusini mwa Ikweta. Mengi ambayo mtu wa Ulaya huyaona kusini mwa anga lake, sisi huyaona utosini. Wingu mashuhuri la Orioni hupita nyuzi nne tu kutoka utosi wetu. Jua lenyewe husimama kichwani mwetu katikati ya Machi, na tena katika juma la mwisho la Septemba. Bomba lililoelekea utosini huiacha nafasi ndogo mno kati ya mwisho wake na miguu ya stendi, na kamera iliyofungwa nyuma yake yaweza kugonga mguu huo. Kiwiko huitoa kamera ubavuni. Kwa anayepiga picha kwa simu, kama vijana wa Tulia, faida ni kubwa zaidi: simu hulala juu ya lenzi ya jicho, mpigaji huiona vizuri, na picha ya Mwezi, kwa kuwa huchukuliwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, haipati muda wa kuharibiwa na mtikisiko.

5.3 Hapa nitoe onyo moja. Kioo cha mshazari hakipunguzi ukali wa Jua kwa kiasi cha kulinda jicho. Tarehe 15 Januari 2010, Jua lilipopatwa kwa umbo la pete juu ya Nairobi, wengi walitamani kulitazama kwa kila chombo walichokuwa nacho. Anayeelekeza darubini kwenye Jua lazima afunike lenzi ya mbele kwa kichujio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ama sivyo atapofuka papo hapo.

5.4 Kwa wanaopiga picha za muda mrefu, stendi ya darubini huwa na mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga ili nyota zifuatwe. Tulia, ncha ya kusini iko kiasi cha nyuzi moja tu juu ya upeo, nyuma ya vilima na vumbi, na Nyota ya Kaskazini haionekani. Mtu hulazimika kuutengeneza mhimili kwa kuangalia nyota ikihama polepole kwenda kaskazini au kusini katika lenzi. Aliyefundishwa na kitabu kwamba "nyota ikienda kulia fanya hivi" atapotea akiwa na kiwiko, kwani kulia kwake si kulia kwa kitabu. Salama yake ni kuacha maneno kulia na kushoto. Asukume bomba kidogo kuelekea kusini. Upande nyota inakokimbilia ndio kaskazini. Aliache bomba bila kulisogeza. Upande nyota inakotokea ndio magharibi. Maelekezo haya hayajali idadi ya vioo.

6. Namna ya Kuihukumu Picha

Kutokana na hayo twapata vipimo ambavyo mwalimu yeyote aweza kuvitumia. Kwa picha ya Mwezi mpevu, zungusha karatasi mpaka shimo liitwalo Tycho, lenye miale mirefu, liwe chini. Doa la Mare Crisium likiwa mkono wa kulia, picha ni ya mkono sahihi. Likiwa kushoto, imebadili mkono. Kwa picha ya nyota, simamisha kaskazini juu: magharibi lazima iwe kulia. Mwenye mazoea ya ramani atashtuka, maana kwenye ramani magharibi ni kushoto. Lakini ramani ya nchi hutazamwa kutoka juu, na anga hutazamwa kutoka chini. Tofauti yake ni ile ile ya mbele na nyuma ya kanga.

Kilimia nacho ni shahidi mwema. Jioni za mwanzo wa mwaka, atazamaye kaskazini kutoka Kitui kikiwa kimefika juu kabisa, huona umbo kama la upawa mdogo, mpini wake ukiwa mashariki, yaani mkono wake wa kulia. Katika kiwiko chenye kioo kimoja mpini huo huhamia kushoto.

Yafaa pia kuonya kwamba si kila kioo huhesabiwa. Katika kamera za lenzi moja zenye kioo cha ndani, kioo hicho huinuka kabla mwanga haujafika kwenye filamu. Kwa hiyo hakimo katika hesabu. Kwa upande mwingine, filamu ikitazamwa au kuchapwa kwa upande wa nyuma hubadili mkono bila kioo chochote. Tatizo hili ni la zamani kama picha zenyewe. John William Draper alipopiga picha ya Mwezi huko New York mwaka 1840, alitumia bamba la fedha la Daguerre, na mabamba hayo kwa asili yake yalitoa taswira zilizobadili mkono. Wapiga picha wa siku zile walifunga kioo cha mshazari au mche mbele ya lenzi ili mkono urudi. Kifaa kinachotuharibia sisi ndicho kilichowatengenezea wao. Leo programu yoyote ya kusahihishia picha huurudisha mkono mara moja. Lakini programu haijui kama mkono umebadilika. Hilo lamngoja mtu mwenye macho na mwenye neno la kulisemea.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno yote tuliyoyahitaji yalikuwapo: mshazari, kiwiko, kupinduka, kubadili mkono, witiri na shufwa. Hakuna hata moja lililoombwa nje ya Kiswahili kwa ajili ya makala haya. Mabaraza na taasisi zetu zimefanya kazi kubwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mwaka 1981, na baada yake zikaja kamusi za masomo ya sayansi. Lakini istilahi haitoshi kuwa sahihi kamusini. Lazima ipimwe mahali ambapo mtu ameshika kitu mkononi na ana swali.

Yafaa tukumbuke kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza kilichotengwa kwa kuchunguza miale ya eksi ya anga, nacho kilipewa jina la Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote. Lugha iliyokwisha kutoa jina kwa chombo cha namna hiyo haipaswi kushindwa na kioo cha nyuzi 45.

Kabla likizo haijaisha nilimrudia yule mwanafunzi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kisha nikamweleza habari ya kanga na ya mtungi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu aliichukua ile karatasi, akaigeuza kifudifudi, akaiinua kuelekea dirishani, akautazama Mwezi kwa nyuma ya karatasi, wino ukipenya mwangani.

"Sasa ndio huu, Mwalimu," akasema.

Dawa ile sikuwa nimemtajia.